Moshi wa Nani

Mama alikalia kiti cha Kurunzi akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na kabla sijamfunga mkanda wa kidevu akaniuliza kama mashine ile inaona pia mawazo.

"Inaona nyuma ya jicho tu, mama. Mawazo baki nayo mwenyewe."

"Afadhali," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Laiti ningejua, nisingecheka.

Kanuni ya kituo inakataza mpimaji kumpima ndugu yake. Aliyeitunga hakuwahi kufika Mabani Saba. Hapa kwetu asiye shangazi yangu ni mke wa mjomba wangu, na kwa kilomita sitini kila upande mpimaji ni mimi peke yangu, Nyamizi binti Mihambo. Nisipopima ndugu nitashinda nafuta vumbi.

Baba alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, kofia imewekwa gotini. Jicho lake la kushoto liliondoka zamani, kibanzi kilipomrukia akipasua kuni za mabani, yale majumba marefu ya udongo ambamo tumbaku ilikaushwa enzi zao. Jicho la kulia lilikuwa zima. Alikuwa nalo hilo moja tu, na asubuhi ile alikuwa amelileta kulitoa.

Kabla yao aliingia fundi baiskeli na mkewe. Nilipowasomea Hati ya Moshi, nikatamka maneno "moshi wa mwingine", mke alipiga kigelegele, mume akaketi sakafuni palepale. Alijua maana yake. Sheria ya Moshi haina maneno mengi: aliyemharibu mwenzake jicho kwa moshi wake hutoa seli za pembezoni mwa jicho lake mwenyewe, zile ambazo moshi haukuzifikia, zikapandwa katikati ya jicho la mwenzake. Jicho lililovunwa halioni tena. Na yule aliyejiharibu kwa moshi wake mwenyewe hapewi kitu kwa yeyote, hata ndugu yake akipiga magoti. Alijichoma, apoe mwenyewe.

"Usipepese, mama."

"Sipepesi mimi. Jicho ndilo linalopepesa."

Nikawasha. Mwanga wa zambarau ukaingia, na picha ikaanza kujichora kiooni upande wangu, mahali ambapo mgonjwa haoni.

Nyuma ya retina kuna tabaka jembamba la seli nyeusi. Hizo ndizo wapishi na wafagizi wa jicho: huzilisha seli zinazoona, na kila siku huzoa taka zao. Moshi wa tumbaku ukishapita mapafuni huingia kwenye damu, na damu haina mahali isipofika. Sumu yake moja, hidrokwinoni, huwaunguza wafagizi hao polepole. Nyingine, akrolini, huwatoboa. Kadimi, madini ya sumu ambayo mche wa tumbaku huyafyonza kutoka ardhini, huingia ndani yao ikaweka makazi. Mtu anaweza kuacha sigara miaka thelathini, na kadimi bado imo. Wafagizi wakifa taka hurundikana, na seli zinazoona hufia juu ya taka hizo, kuanzia katikati. Ndiyo maana mgonjwa wetu huiona miimo ya mlango lakini hamwoni aliyesimama mlangoni.

Kurunzi huifanya kadimi iwake. Aliyevuta mwenyewe, moshi ulimwingia mzito na wa moto, kwa hiyo alama zake ni za rangi ya chungwa, zimesongamana katikati. Aliyevuta moshi wa mwingine, moshi ulimfikia umepoa na kuchanganyika na hewa. Alama zake ni za kijivu, zimetawanyika. Hata mtoto wa chekechea angezitofautisha.

Retina ya mama ilikuwa ya chungwa tupu. Kijivu kilikuwapo, kidogo, ukingoni, labda moja kwa kumi.

Nilidhani nimekosea. Nikapima jicho la pili, nikapata chungwa lilelile. Huyu ni mama yangu, aliyewahi kumfukuza mchungaji mgeni kwa ufagio kwa sababu alinuka sigara. Nikaificha mikono chini ya meza.

"Inasemaje?" baba akauliza kutoka mlangoni.

"Picha haijatulia, baba. Mtarudi wiki ijayo."

"Mashine ya serikali nayo inachoka?"

"Inachoka."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza. Kurunzi huitunza picha siku saba ikingoja saini ya mpimaji; ikisainiwa, hufutika. Zikipita, huipeleka yenyewe wilayani, na wilayani majibu hubandikwa ubaoni, kila apitaye asome.

*

Kesho yake nilikwenda nyumbani nikijua baba yuko kwenye kikao cha kanisa. Mama alikuwa kibarazani akibangua karanga. Maganda yalikuwa yanaangukia kwenye beseni la karanga na karanga kwenye ungo wa maganda, naye hajui. Nilivuta kigoda nikaanza kuzirudisha bila kusema.

"Ulivuta lini, mama?"

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi? Kwa mdomo huu?"

"Kwa mdomo huohuo."

Akaendelea kubangua. Nilimjua mama yangu: ukimsukuma hukaza, ukinyamaza hulegea. Nikanyamaza. Tulifika nusu ya debe ndipo akasema, "Kumbe kweli inaona mawazo."

Akanieleza. Jani la tumbaku hukaa ndani ya bani siku saba, na moto wa chini hautakiwi kushuka wala kupanda. Anayeuangalia akisinzia tu, jani linaiva vibaya, linageuka jeusi, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Wanaume walikata kuni wakalala. Wake zao ndio waliokesha. Tumbaku hufukuza usingizi, kila mtu alijua hivyo, lakini nani awashe sigara chini ya majani makavu yanayoning'inia mpaka darini? Cheche moja na bani limekwisha.

"Basi mabibi wakatufundisha kugeuza," mama alisema. "Unasokota jani, unaliwasha, halafu ncha yenye moto unaiingiza ndani ya mdomo. Unafumba. Cheche haitoki. Majivu unayatemea kwenye kopo la maji. Mtu akipita mlangoni haoni hata nukta."

"Moto ndani ya mdomo, mama! Na ulimi?"

"Ulimi unazoea. Mwanamke hazoei nini?" Akapukuta mikono. "Walituambia moshi wa hivyo haumdhuru mtu, kwa sababu umeshapikwa mdomoni. Tukaamini. Bani langu halikuungua hata mara moja, Nyamizi. Uliza mtu yeyote. Ada yako ya shule ilitoka mle."

"Na mabani yalipofungwa, uliacha?"

"Niliacha," akasema, haraka mno, na uso wake ukageukia banda la kuku. Banda lilikuwa tupu tangu ugonjwa wa kideri upite, mwaka wa tatu sasa, hatukubakiwa hata na jogoo. Niliisikia ile haraka. Sikuitilia maanani, maana kichwani nilikuwa na jambo jingine.

"Baba anajua?"

"Asijue!" Alinishika mkono kwa nguvu. "Baba yako amenililia miaka mitatu. Kila Pasaka anasimama mbele ya watu anasema, mimi ndiye niliyemtia mke wangu kiza. Ananipikia uji. Ananifunga kanga. Leo nimwambie alilia bure? Kwamba alipokuwa analala usingizi wake, mimi nilikuwa na moto mdomoni kama mchawi?"

"Basi niandike ukweli. Hutapandikizwa, na mwakani hutaona kitu."

"Andika."

"Hati inasomwa mbele yenu wote wawili. Ataisikia."

"Basi usiandike."

"Itakwenda wilayani."

Akachukua karanga nyingine. "Basi andika unavyojua wewe. Nilikusomesha ili ujue mambo. Ila jicho la mzee wangu nalionea huruma, na yeye asijue."

Mambo hayo hayawezi kukaa pamoja, nami nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtu hamwambii mama yake. Alianza kupapasa ungo akitafuta karanga, kichwa amekiinamisha pembeni kama anavyofanya kuku akikuangalia, ili anase kwa ukingo wa jicho kile ambacho katikati yake imekataa. Nilikasirika nikaona aibu, vyote kwa pamoja. Nikamwachia debe lake nikaondoka.

*

Siku ya sita baba alikuja kituoni peke yake. Alipanga foleni kama mgonjwa yeyote, alipofika mbele akakaa kwenye kiti cha Kurunzi bila kualikwa.

"Mbona unanificha majibu?"

"Sikufichi, baba."

"Nyamizi. Ulipokuwa mtoto ukila sukari ulikuwa unasimama hivyohivyo, mikono nyuma."

Nikaitoa mikono nyuma.

"Sikiliza," akasema. "Jicho moja la mzee wa miaka sabini na sita lina kazi gani? Kuangalia kalenda? Nimevuta ndani ya nyumba ile miaka thelathini na mmoja, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya mbu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu."

"Ukilitoa hilo hutaona tena. Hata mwanga."

"Nimeona ya kutosha. Mama yako hajamwona mjukuu wake aliyezaliwa mwaka jana. Anamshika pua tu."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa nalo kabisa, linachoma. Mbele yangu alikaa mtu ambaye angeingia kizani siku zake zote zilizobaki kwa kosa ambalo kwa kumi alikuwa na moja tu, na mimi ndiye niliyeishika kalamu. Neno moja lingembakizia jicho lake. Neno hilohilo lingempofusha mama, na kumvua nguo mbele ya mumewe.

"Baba, na kama si moshi wako?"

Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho moja. Lilikuwa jicho zuri, la kahawia, na ukingo wake ulikuwa umeanza kuwa wa buluu kwa uzee.

"Kama si wangu ni wa nani?" akasema taratibu. "Nyumba ile ilikuwa na wavutaji wangapi? Andika, binti yangu. Umechelewesha vya kutosha."

Nikaandika. *Moshi wa mwingine.* Nikatia saini, nikagonga muhuri, nikajiambia kwamba kijivu kilikuwapo, kidogo kilikuwapo, kwa hiyo si uongo mtupu. Mtu akishaanza kupima uongo wake kwa mizani, ajue amekwisha. Nilijua. Nikaipeleka hati.

*

Walivuna jicho la baba hospitali ya mkoa, Jumatano. Seli zilikaa kwenye sahani za maabara wiki tano zikizaliana, kisha zikapandwa katika jicho la kulia la mama, na kila asubuhi akawa anameza kidonge cha kutuliza mwili usizikatae. Bandeji ilipofunguliwa nilikuwa mbele yake. Alinitazama katikati ya uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu.

"Umezeeka," akasema, akaangua kilio.

Tulilia wote. Baba alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kitambaa usoni, anauliza, "Ameona? Ameona?" Nilipomwambia ndiyo alipiga makofi kama mtoto. Kama hadithi hii ingeishia pale, leo ningekuwa mtu mwenye furaha, mwongo lakini mwenye furaha.

Miezi minane baadaye mama alikuja kupimwa kama ratiba inavyotaka. Alisoma mstari wa pili wa herufi, kwa taabu. Mara iliyotangulia alisoma wa saba.

Nikawasha Kurunzi. Seli zile zilikuwa na miezi minane tu tangu zipandwe, na mabani yote yalishafungwa, na hakuna duka linalouza tumbaku mkoa mzima tangu Sheria. Zilitakiwa ziwe safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Nukta za chungwa zilikuwa zimeshaanza kusongamana katikati. Seli changa hazina ngozi ya kuzoea. Zile za kwanza zilichukua miaka arobaini kufa. Kwa kasi niliyoiona, hizi zingemaliza mwaka kwa shida.

"Zikoje?" mama akauliza.

"Nzuri, mama," nikasema.

*

Jumamosi nilifika nyumbani adhuhuri, sikupiga hodi. Nilizunguka moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, kwenye banda la kuku. Mche ulikuwa ubavuni mwa banda, umejiotea kama tumbaku inavyojiotea popote mbegu yake ilipowahi kuanguka, na ulikuwa umenifika kiunoni. Majani ya chini yalikuwa yamekatwa kwa uangalifu. Udongo shinani ulikuwa umelowa.

Ulilowa kwa maji ya sabuni. Kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mche kulikuwa na kijia chembamba, na kando ya kijia, upande wa kulia, vishimo vidogo vimepangana, kimoja kila hatua. Vishimo vya ncha ya fimbo.

Ndani ya banda nikasikia mtu anatema kwenye kopo la maji.

Nilirudi uani kimyakimya. Baba alikuwa chini ya kivuli cha paa, anachambua maharage kwa vidole, haraka na bila kukosea. Aliinua uso.

"Nyamizi. Unakanyaga kama unadaiwa."

"Nani anaumwagilia mche ule, baba?"

Vidole vikasimama. "Maji ya kunawia nayamwaga huko," akasema. "Yasipotee."

"Unajua ni mche gani?"

"Nililima tumbaku miaka arobaini, mwanangu. Hata pua nayo mlinivuna?"

Nilichuchumaa mbele yake. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilimpelekea uji kule bani. Nikamsalimu, hakunijibu. Amekaa wima, mashavu yamebonyea, machozi yanamtoka. Mtu mwenye moto mdomoni hajibu salamu. Nikaweka uji nikaenda zangu." Alitabasamu kidogo. "Baada ya hapo nikawa namwachia jani juu ya boriti ya mlango. La chungwa, la daraja la kwanza, laini kama kitambaa. Miaka yote ile alidhani analiiba."

"Kwa hiyo siku ile, kwenye kiti changu, ulijua!"

"Nilijua. Nikasema, wewe ukijua utamnyima jicho kwa ajili yangu. Kumbe nawe ulikuwa unajua." Akatikisa kichwa. "Familia ya wasomi hii."

"Kwa nini hukumwambia? Siku moja tu katika miaka hamsini!"

"Nilingoja aseme yeye. Mwanzo nilimwonea haya. Halafu miaka ikawa mingi mno."

Nilitaka kumpiga baba yangu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. "Zile seli zinakufa, baba. Zako. Unatoa jicho lako kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unaumwagilia mche unaoliua. Leo hii nitaung'oa."

"Ung'oe, utaota mwingine. Mwezi wa tatu ulikauka, akaugua. Hakula siku nne, anatetemeka, analia akidhani nimelala. Mimi silali." Akanyoosha mkono akanitafuta bega, akalipata. "Jicho lile nilimpa, Nyamizi. Sikumkopesha. Alifanye atakavyo."

"Atapofuka."

"Najua."

"Mtakuwa wawili kizani."

"Najua, mama. Sina dawa. Wewe unayo?"

Mfukoni nilikuwa na hati mpya, kwa maana seli zilizoharibika zinahitaji hati mpya, na katikati yake ule mstari mtupu unaouliza moshi wa nani. Mkono uliokata jani ulikuwa wa mama. Uliomwagilia ulikuwa wa baba. Uliotia saini ya kwanza, mpaka jicho zima likatolewa likaja kufia mahali pale, ulikuwa wangu. Mstari ule una nafasi ya jina moja.

"Usimwambie kwamba najua," baba akanong'ona. "Niahidi."

Mlango wa banda ulilia. Mama akatokea kwenye kona ya jiko, kiganja kimoja kinatelezea ukuta, hatua anazihesabu kwa midomo. Alisimama mbali kidogo nasi, akainamisha kichwa pembeni, kuku-kuku, kama zamani.

"Nani huyo yuko na wewe?"

"Nyamizi amekuja," baba akasema. "Kigoda kiko kushoto kwako. Umetoka wapi?"

Harufu ilifika kabla ya jibu. Nilimwona baba anaivuta puani, uso umetulia kabisa.

"Nilikuwa naangalia kuku," mama akasema, akikaa.

"Wote wapo?"

"Wote wapo."

Kisha wakanigeukia, yeye na ukingo wake wa jicho, baba na matundu yake mawili yaliyofumbwa, wakingoja. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mawili mazima pale uani.

"Nimewaona nilipokuwa napita," nikasema. "Wamenona."